DAWA KWANZA, KISU BAADAYE: Mchanganyiko upi hufaa zaidi kwa saratani ya titi iliyo "hasi tatu"?

Mwanamke anapoambiwa na daktari kwamba uvimbe ulio titini mwake ni saratani, au kansa kama wengi wetu tunavyoiita, swali la kwanza linalomtoka, na ambalo jamaa zake hulirudia njia nzima ya kurudi nyumbani, ni hili: atapasuliwa lini? Kwa fikra za wengi, kitu kibaya kinachoshikika kwa mkono hakina budi kukatwa na kutupwa upesi. Basi daktari anapojibu kwamba kisu kitangoja, na kwamba mgonjwa atawekewa dawa kwa miezi mitano au sita kwanza, familia huingiwa na wasiwasi. Wako wanaodhani kwamba mgonjwa wao amekataliwa kwa kuwa ugonjwa umekwisha kushindikana. Wako wanaodhani kwamba daktari anangoja kitu kidogo. Na wako wanaomchukua mgonjwa wao wakampeleka kwa mganga wa mitishamba, na siku wanaporudi hospitalini uvimbe umekwisha kutoboa ngozi.

Kwa aina moja ya saratani ya titi, kungoja huko si kukataliwa. Siku ya dripu ya kwanza ndiyo siku ambayo matibabu yameanza. Tena, katika miaka kumi na mitano iliyopita, wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakilinganisha michanganyiko ya dawa ili kujua ni upi unaofaa kutangulia kisu. Leo tuyatazame waliyoyapata, na maana yake kwa mama wa nyumbani na mfanyakazi wa mjini.

SARATANI YA TITI SI UGONJWA MMOJA

Chembe za titi la mwanamke zina kitu kinachofanana na vitasa vya milango. Homoni za kike, yaani estrojeni na projesteroni, ni funguo zake. Funguo zinapoingia katika vitasa, chembe hupata amri ya kukua. Wataalamu huviita vitasa hivyo vipokezi. Saratani nyingi za titi huwa navyo, nazo huweza kuzuiwa kwa vidonge kama tamoksifeni ambavyo huziba kitasa. Saratani nyingine huwa na protini iitwayo HER2 kwa wingi kupita kiasi, na hizo nazo zina dawa yake mahsusi, trastuzumabu.

Iko aina nyingine ambayo haina kipokezi cha estrojeni, haina cha projesteroni, wala haina HER2 kwa wingi. Vipimo vyote vitatu hurudi na jibu la "hapana", na ndiyo maana huitwa hasi tatu. Kati ya kila saratani 100 za titi, kama 10 hadi 20 huwa za aina hii. Huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo, hasa walio chini ya miaka 40, na wale waliorithi hitilafu katika jeni iitwayo BRCA1. Hukua kwa haraka, na ikirudi baada ya matibabu, aghalabu hurudi katika miaka mitatu hadi mitano ya mwanzo. Mgonjwa aliyevuka miaka mitano bila kurudiwa, hatari yake hupungua sana.

Husemwa mara nyingi kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake weusi. Maneno hayo yanahitaji kupimwa. Ni kweli kwamba huko Marekani wanawake weusi hupatwa na aina hii kiasi cha maradufu ya wanawake weupe. Lakini uchunguzi uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Ethiopia ulionyesha kwamba aina hii ni ya kawaida zaidi Ghana kuliko Ethiopia. Afrika si kijiji kimoja, na rangi ya ngozi haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha maabara.

Madhali saratani hii haina vitasa, vidonge vya kuziba vitasa havina cha kuziba. Silaha kubwa inayobaki ni zile dawa kali za kemikali zinazopita katika damu na kuzishambulia chembe zinazogawanyika upesi.

KWA NINI DAWA ITANGULIE

Wazo la kutanguliza dawa lilipimwa kwa kina huko Marekani kuanzia mwaka 1988. Wanawake 1,523 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa kisha likapasuliwa, na jingine lilipasuliwa kisha likapewa dawa zile zile. Miaka ilipopita, ilionekana kwamba makundi yote mawili yalikuwa na maisha ya urefu ule ule. Waliotangulizwa dawa hawakupoteza chochote kwa kungoja kisu. Tena walipata faida moja: kwa wengi zaidi uvimbe ulinywea kiasi kwamba madaktari waliweza kuondoa kipande tu, badala ya titi zima. Katika kundi la dawa kwanza, wanawake kama 68 kati ya 100 walibaki na titi. Katika kundi jingine walikuwa kama 60.

Jambo la pili lililojitokeza lilikuwa na uzito zaidi. Kwa baadhi ya wanawake, siku ya upasuaji ilipofika, mtaalamu wa maabara alitafuta kwa darubini asione hata chembe moja ya saratani vamizi iliyosalia. Wanawake hao waliishi vizuri kuliko wenzao. Hali hiyo ya saratani kutoweka kabisa, katika titi na katika mitoki ya kwapani, ndiyo imekuwa kipimo kinachotumika kulinganisha dawa moja na nyingine.

Kwa ugonjwa wa hasi tatu, kipimo hicho kina maana ya pekee. Mwaka 2008 madaktari wa Houston, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 1,118 waliopewa dawa kabla ya upasuaji. Miongoni mwa wenye hasi tatu, saratani ilitoweka kabisa kwa 22 kati ya 100. Kwa aina nyinginezo, kwa 11 tu. Hata hivyo, kwa jumla, wenye hasi tatu ndio waliokufa zaidi. Kitendawili hicho kina jibu: ambao saratani yao ilitoweka waliishi vizuri sawa na wagonjwa wengine wa namna hiyo, bali wale waliobakiwa na mabaki ndio waliokuwa hatarini sana. Mwaka 2014, habari za wagonjwa karibu 12,000 kutoka majaribio 12 zilipokusanywa pamoja, zilithibitisha hivyo hivyo.

Kwa hiyo swali la wataalamu likawa moja: ni mchanganyiko gani utakaowaongeza wanawake ambao saratani yao hutoweka kabla ya kisu kuwafikia?

KWA NINI DAWA HUCHANGANYWA

Mkulima anayepambana na wadudu hujua kwamba dawa moja ikitumika peke yake, wadudu wachache huhimili na kuzaana upya. Saratani nayo ni vivyo hivyo. Somo hili lilijifunzwa pia hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1967 kilifunguliwa huko Mulago, Kampala, kituo cha kuwatibu watoto wenye saratani ya Burkitt, kituo ambacho kilikua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Miaka ya 1970 madaktari wa huko, akiwamo Charles Olweny, walifanya majaribio ya kulinganisha dawa moja na mchanganyiko wa dawa kwa wagonjwa hao.

Kwa saratani ya titi ya hasi tatu, dawa zinazotumika zaidi ni nne, na kila moja ina namna yake ya kupiga.

Doksorubisini, yenye rangi nyekundu kama sharubati, ilitokana na vijidudu vya udongo wa Italia. Hujipenyeza katikati ya uzi wa urithi ulio ndani ya chembe na kuuvuruga. Siklofosfamidi ni kizazi cha mbali cha gesi ya haradali iliyotumika vitani. Huufunga uzi huo usiweze kufunguka. Paklitakseli ilitolewa kwanza katika magamba ya mti wa huko pwani ya magharibi ya Marekani. Huvigandisha vijiti vidogo ambavyo chembe huvitumia kujigawa. Karboplatini imetengenezwa kwa madini ya platini. Hushikamana na uzi wa urithi na kuukata njia. Chembe nyingi za hasi tatu, hasa za wale waliorithi hitilafu ya BRCA1, ni dhaifu katika kukarabati uzi uliokatwa kwa namna hiyo, na hapo ndipo matumaini ya karboplatini yalipoanzia. Dawa zote nne zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

MICHANGANYIKO IKILINGANISHWA

Mchanganyiko wa kwanza, ulio mkongwe, ni wa doksorubisini na siklofosfamidi peke yake. Katika lile jaribio la mwaka 1988, lililohusu saratani za titi za kila aina, dawa hizo mbili ziliitowesha saratani kabisa kwa wanawake kama 13 tu kati ya 100.

Mchanganyiko wa pili huongeza dawa ya jamii ya paklitakseli baada ya zile mbili au kabla yake. Jaribio jingine la Marekani, la wanawake 2,411, liliongeza dosetakseli, ambayo ni ndugu wa paklitakseli. Idadi ya waliotowekewa na saratani iliongezeka kutoka kama 14 hadi 26 kati ya 100. Tangu hapo dawa hizo tatu zimekuwa msingi wa matibabu katika hospitali nyingi duniani.

Mchanganyiko wa tatu huongeza karboplatini, na hapa ndipo majaribio yaliyowahusu wagonjwa wa hasi tatu yalipoanza kutoa majibu. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba karboplatini ilipoongezwa, saratani ilitoweka kwa wanawake 53 kati ya 100; bila ya hiyo, kwa 37. Jaribio la Marekani la wanawake 443, lililochapishwa mwaka uliofuata, lilipata 54 dhidi ya 41. Na mwaka 2018 jaribio kubwa zaidi, la wanawake 634 wa nchi kadhaa, lilipata 58 dhidi ya 31. Majaribio matatu, na yote yalielekea upande mmoja.

Lakini, ndugu msomaji, kutoweka kwa uvimbe ni jambo moja, na kuishi bila ugonjwa kurudi ni jambo jingine. Je, waliopewa karboplatini walibaki salama zaidi miaka ilipopita? Hapa majibu hayakulingana. Jaribio la Ujerumani lilisema ndiyo, ijapokuwa mchanganyiko wake wa msingi haukuwa na siklofosfamidi. Lile la Marekani halikuona tofauti, na kwa hakika halikuwa na watu wa kutosha kulijibu swali hilo. Lile la mwaka 2018 lilisema ndiyo: baada ya miaka minne, wanawake 79 kati ya 100 waliopata karboplatini walikuwa bado hawajarudiwa na ugonjwa wala kufa, dhidi ya 68 au 69 kati ya wasioipata.

Jibu lenye maana kubwa kwetu lilitoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Katika Hospitali ya Tata Memorial mjini Mumbai, wanawake 720 wenye hasi tatu waligawanywa kwa kura. Wote walipewa paklitakseli kila wiki kwa wiki nane, kisha dawa za jamii ya doksorubisini pamoja na siklofosfamidi. Nusu yao waliongezewa karboplatini ya kila wiki. Matokeo yalitangazwa mwezi Desemba mwaka 2022. Wanawake wenye umri wa miaka 50 au pungufu waliopata karboplatini waliishi zaidi, na ugonjwa haukuwarudia sana kama wenzao. Kwa waliozidi miaka 50, faida hiyo haikuonekana. Hili ni jaribio lililofanywa katika hospitali ya umma inayohudumia umati wa watu wa kipato cha chini, kwa dawa zisizo na hati miliki, zinazotengenezwa na viwanda vingi na kuuzwa kwa bei ambayo nchi zetu zinaweza kuifikiria.

Mchanganyiko wa nne huacha kabisa doksorubisini, kwa ajili ya kuulinda moyo. Jaribio dogo la Marekani la wanawake 100, lililochapishwa mwaka 2021, lililinganisha mchanganyiko wa dawa zote nne na mchanganyiko wa dosetakseli na karboplatini tu. Saratani ilitoweka kwa 54 kati ya 100 katika kila kundi, na kundi la dawa mbili lilipata madhara machache zaidi. Watu 100 ni wachache kwa kutoa hukumu ya mwisho, lakini kwa mgonjwa ambaye moyo wake hauruhusu doksorubisini, njia hiyo ipo na daktari aweza kuifikiria.

Mchanganyiko wa tano ni mpya na wa gharama kubwa. Huzichukua dawa zote nne na kuongeza pembrolizumabu, dawa ambayo haiipigi saratani moja kwa moja bali huiondolea kinga ya mwili breki ili iipige yenyewe. Jaribio lake liliwahusisha wagonjwa 1,174. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha saratani kutoweka kwa 65 kati ya 100, dhidi ya 51 kwa waliopata dawa nne peke yake. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba, baada ya miaka mitano, 87 kati ya 100 walikuwa hai, dhidi ya 82. Katika nchi tajiri mchanganyiko huu ndio umekuwa kawaida kwa wagonjwa ambao uvimbe wao umekua au umefika kwapani. Lakini mgonjwa hupewa dozi hadi 17, nane kabla ya upasuaji na tisa baadaye, na katika soko la Marekani kila dozi ni maelfu ya dola. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, mlango huo bado umefungwa.

Ni vema pia kutaja vilivyojaribiwa visifae. Dawa iitwayo veliparibu, iliyoongezwa juu ya karboplatini katika lile jaribio la mwaka 2018, haikuongeza kitu. Kwa hiyo si kila kinachoongezwa katika chungu hukoleza mchuzi. Vingine huongeza gharama na maumivu tu.

MADHARA YA DAWA

Dawa hizi hazichagui sana. Zinaposhambulia chembe zinazogawanyika upesi, huzigusa pia nywele, utando wa mdomo na tumbo, na chembe za damu. Nywele hunyonyoka, na huota tena matibabu yakiisha. Baada ya doksorubisini, mkojo huweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu. Dawa hiyo hiyo, ikizidi kiasi, hudhuru moyo, ndiyo maana daktari huupima moyo kwanza na kuweka hesabu ya jumla ya dozi ambayo mgonjwa hapaswi kuipita maishani. Paklitakseli huleta ganzi ya vidole vya mikono na miguu, na fundi cherehani au mpiga chapa hana budi kuitaja mapema kabla haijakomaa. Karboplatini hupunguza damu na vile vigandisha damu, na kipimo chake hukadiriwa kwa kutazama nguvu ya figo.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni homa. Chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili, hupungua sana siku kadhaa baada ya dripu. Mgonjwa akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, asimeze vidonge vya kushusha homa akalala akingoja asubuhi, wala asitibiwe malaria kwa kukisia. Apelekwe hospitalini saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane, na wanaompeleka waseme mlangoni: huyu yumo katika dawa za saratani.

Mwanamke asishike mimba wakati wa dawa hizi. Na kwa kuwa dawa huweza kuharibu uwezo wa kuzaa, anayetaraji kupata watoto aliseme jambo hilo kabla ya dripu ya kwanza.

JIBU LINALOSOMWA SIKU YA UPASUAJI

Wako wagonjwa ambao uvimbe wao hunywea hadi mkono hauugusi tena, nao husema: nimepona, kisu cha nini? Hilo ni kosa linaloua. Vidole haviwezi kuziona chembe zilizobaki, na hata picha za mashine hukosea. Ndiyo maana katika hospitali zenye uwezo huo, daktari hutia kijipini kidogo cha madini ndani ya uvimbe kabla ya dawa kuanza, ili mpasuaji apajue mahali hata uvimbe ukitoweka. Darubini ndiyo yenye kauli ya mwisho, nayo haiwezi kusema bila upasuaji.

Kauli hiyo ina kazi. Iwapo mabaki yameonekana, matibabu huongezwa. Jaribio la Japani na Korea Kusini la wagonjwa 910, lililochapishwa mwaka 2017, liliwapa baadhi ya waliobakiwa na saratani vidonge vya kapesitabini baada ya upasuaji. Kati ya wenye hasi tatu waliovimeza, 79 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 70 kati ya wasiovimeza. Angepasuliwa mwanzoni, mgonjwa wa namna hiyo asingejulikana. Hii ndiyo faida kubwa ya dawa kutangulia: titi lenyewe linatoa ushahidi kama dawa zimefanya kazi.

KABLA YA YOTE, KIPIMO

Mchanganyiko wote huu hauna maana ikiwa mgonjwa hakupimwa vipokezi. Kinyama kidogo huchukuliwa kwa sindano, kikapelekwa maabara. Kipokezi huhesabiwa kuwa hakipo ikiwa chembe zilizoonyesha rangi ya kipimo ni chini ya 1 kati ya 100. Sasa kinyama kikikaa mezani bila kutiwa katika formalini, au kikikaa humo kwa muda usiofaa, vipokezi huharibika, na kipimo husema "hapana" mahali ambapo jibu la kweli lilikuwa "ndiyo". Muda unaotakiwa ni kati ya saa 6 na saa 72. Mgonjwa aliyeandikiwa hasi tatu kwa makosa hukosa vidonge rahisi ambavyo vingemlinda kwa miaka. Na yule mwenye hasi tatu aliyepewa tamoksifeni bila kupimwa humeza vidonge visivyomsaidia, huku saratani ikikua.

Kwa hiyo mtu asikubali kukatwa uvimbe haraka haraka na nyama ikatupwa. Kinyama kwanza, jibu la maabara pili, kikao cha madaktari tatu.

KALENDA YA NYUMBANI NA KAZINI

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 38, mfanyakazi wa kiwandani, mwenye watoto watatu, aliyepangiwa dawa nne. Atapewa paklitakseli mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na karboplatini pamoja nayo. Kisha atapewa doksorubisini na siklofosfamidi mara nne, kila baada ya wiki mbili au tatu. Jumla ni siku 16 za kuwekewa dripu katika muda wa wiki 20 hadi 24. Ziko pia siku za kupima damu na siku ambazo mwili utakataa kuinuka kitandani.

Mama huyo hatakiwi kuacha kazi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila kipindi cha miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara, maadamu anayo hati ya daktari. Ni juu ya mume, mashemeji na majirani kuzigawana siku hizo 16: nani atamsindikiza, nani atapika, nani atawapeleka watoto shule. Dawa ikikatizwa kwa kukosa nauli au kwa kukosa mtu wa kubaki na mtoto, chembe zilizonusurika hupata nafasi ya kuota upya. Mchanganyiko wa bei nafuu uliokamilishwa kwa wakati ni bora kuliko wa bei ghali ulioishia njiani.

Matibabu ya saratani kwa dawa hizi yapo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road mjini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Kwa wenzetu, Kenyatta mjini Nairobi, Moi mjini Eldoret, na Mulago mjini Kampala. Anayefika huko aende na maswali matano yaliyoandikwa kwenye karatasi. Je, vipokezi vyote vitatu vimepimwa? Ugonjwa umefika wapi? Ni mchanganyiko upi nitakaopewa, na karboplatini imo? Kama haimo, ni kwa sababu gani? Na upasuaji wangu umepangwa mwezi gani? Daktari mwema hakasirikii maswali hayo. Humwonyesha kwamba mgonjwa wake ameamua kupambana.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa saratani ya hasi tatu, hata asiyeyaficha anaweza kuumbuliwa akichelewa, kwa kuwa ugonjwa huu hauhesabu kwa miaka bali kwa wiki. Uvimbe uliogunduliwa ukiwa mdogo, ukapimwa sawasawa, ukapigwa kwa mchanganyiko unaopatikana, dozi kwa dozi bila kuruka, una nafasi nzuri ya kutoonekana tena siku ya upasuaji. Kwa ugonjwa uliozoeleka kutajwa kwa kunong'ona, hizo si habari ndogo.